Mbwa wangu kagoma kula siku nne ukweni Kibosho, tumerudi Dodoma kamaliza sufuria. Tatizo lilikuwa nini?

#1 Ilazo Juu
Wakuu, kwema?

Nina mbwa dume wa miaka minne, chotara: mama koko wa Chang'ombe, baba wa Kijerumani. Kila Desemba tulikuwa tunamwacha na kijana wa kulinda. Mwaka juzi tulirudi tukamkuta mbwa mbavu zinahesabika, kijana kanenepa, na dagaa kilo tano zimeisha ndani ya wiki. Safari hii nikasema twende naye.

Tumetoka Dodoma tarehe 22 saa kumi na moja alfajiri. Noah, watu sita, mbwa nyuma kwenye mizigo. Kondoa, Babati, Makuyuni, Arusha, jioni tupo Kibosho kwa wakwe, kama kilomita 500. Njiani alitapika mara moja tulipokaribia Bereko, basi. Tangu tufike hakugusa chakula. Ugali hataki, wali hataki, nyama ananusa anageuza kichwa. Maji analamba kidogo tu. Siku nne kalala chini ya migomba ananitazama kama mtu niliyemuuza. Tarehe 27 tukageuza. Tumefika nyumbani usiku, hata mizigo haijashuka, kala nusu sufuria ya ugali na dagaa, akadai nyingine.

Mke wangu anasema mbwa kamrithi mwenye mbwa, hapendi ukweni. Naomba maelezo ya wanaojua, maana Pasaka tunasafiri tena.

#2 Binti Kitwiru
Natandika mkeka hapa. Mbwa ana akili kuliko mashemeji wote ninaowajua.

#3 Mama Nyau
Mkuu, huo ni msongo wa mawazo. Mnyama anaishi kwa harufu. Umemtoa kwenye uwanja anaoujua kila kona, umemfunga nyuma ya gari saa kumi na mbili, umemshusha mahali penye harufu za mbwa wengine, moshi wa kuni, watu arobaini wanaingia na kutoka. Anakula vipi? Mimi paka wangu tulipohama kutoka Dar kuja Kisasa alikaa chini ya kitanda siku tatu, na hapo alikuwa na vyombo vyake vilevile.

Siku nyingine mchukulie kitambaa au gunia analolalia, usilifue. Chakula chake cha nyumbani mbebee. Na usimlishe saa nne mpaka sita kabla ya safari, ndiyo maana alitapika.

#4 Mwana wa Chilonwa
Mbukwenyi wandugu.

Mama Nyau nakuheshimu, lakini hapo tatizo ni maji. Sisi wa Dodoma maji ya visima yana chumvi, mgeni akinywa chai anauliza nani katia chumvi badala ya sukari. Mbwa kazaliwa Chang'ombe, kakulia kwenye hayo. Umempeleka Kibosho ukampa maji ya mlimani yasiyo na ladha yoyote. Yeye anaona kama hajapewa maji. Na mnyama asiyekunywa hali, muulize mfugaji yeyote wa ng'ombe.

Mimi mwenyewe nikienda Moshi sishibi maji.

#5 Ilazo Juu
#4 umenichekesha, ila kuna kitu hapo. Maji alikuwa analamba kama anayeonja mchuzi wa jirani.

#6 Fundi Injini
Mwinuko huo. Kutoka tambarare kwenda mlimani damu inabadilika, hata binadamu wanaopanda Kilimanjaro wanakosa hamu ya kula. Na baridi juu yake.

#7 Mangi wa Kibosho
#6 angalia ramani kwanza. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Moshi mjini haifiki hata 1,000, nyie wa Dodoma ndio mnaoshuka mkija. Kibosho kweli ni juu zaidi, lakini siyo juu ya kumtoa mbwa hamu ya kula, la sivyo mbwa wetu wote wangekuwa mifupa. Na Desemba kwetu siyo baridi, baridi ni Juni na Julai.

Sasa nikupe jibu mwandishi. Desemba Kibosho kila boma linachinja. Mbuzi mmoja leo kwa fulani, kesho kwa fulani, utumbo na ngozi vinatupwa nyuma ya migomba. Umesema mbwa alikuwa amelala wapi? CHINI YA MIGOMBA. Mbwa wako hakugoma kula, mbwa wako alikuwa ameshiba. Wewe unamletea ugali mkavu wakati ametoka kula ndafu.

#8 Binti Kitwiru
😂😂😂 Kesi imefungwa, tuondoke.

#9 Ilazo Juu
Mangi, alikuwa kwenye mnyororo mchana kutwa. Usiku ndiyo anafunguliwa.

#10 Mangi wa Kibosho
"Usiku ndiyo anafunguliwa." Mkuu unajisikia unavyoongea?

#11 Konda Mstaafu
Nyie wenye Noah mnajadili hamu ya kula. Waulizeni wa mabasi. Nimefanya kazi njia ya Dodoma–Arusha miaka tisa, tangu enzi za vumbi mpaka lami ya Babati ilipokamilika, zile kilomita 251 ambazo sasa watu wanalala usingizi. Kuku anapanda basi, hana neno, yupo miguuni kwa bibi yake. Mbwa ukimleta stendi abiria nusu wanashuka. Tuliwahi kubishana na baba mmoja anataka mbwa akae kiti, kamlipia nauli kamili. Nauli tukapokea, tukamwambia akae yeye mlangoni kwenye ngazi na mbwa wake. Kufika Chemba mbwa kalala, baba kashuka kutapika.

Paka wanasafiri sana ila hamuwajui. Ukiona mama kabeba kikapu kimefunikwa kanga na anakiongelesha, siyo mayai.

Kwenye buti la chini usimweke mnyama hata kwa bahati mbaya. Joto la kule na moshi wa injini, nimeona mbuzi wanatolewa wamekufa.

#12 Mama Nyau
#11 asante kwa hiyo ya buti. Na siyo buti tu. Gari dogo limefungwa vioo juani, dakika kumi tu joto la ndani linapanda kama nyuzi kumi zaidi ya nje. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anahema tu. Watu wanasimama Msalato Jumamosi kula nyama choma, mbwa wamemwacha ndani ya IST, wanarudi baada ya saa nzima wanasema "alikuwa mzima sasa hivi".

#13 Kijana wa Nkuhungu
Mimi paka wangu nikisafiri nampa nusu panadol, analala mpaka Singida.

#14 Mama Nyau
#13 ACHA LEO. Siandiki kwa utani. Paka hana uwezo wa kuivunja dawa hiyo mwilini, hata nusu kidonge inaweza kumuua. Damu inashindwa kubeba hewa, ini linaharibika. Huyo wako alikuwa halali, alikuwa anakufa taratibu akapona kwa bahati.

#15 Kijana wa Nkuhungu
Duh. Nimefuta kwenye akili. Lakini alikuwa anakoroma vizuri tu.

#16 Fundi Injini
Narudi na hoja nyingine kwa vile mwinuko mmeukataa. Mwandishi kapita Kwa Kuchinja na Minjingu, pale pembeni ya Tarangire. Kule kuna mbung'o wa kufa mtu. Mbwa ametoa kichwa dirishani, kang'atwa, kapata nagana. Mnyama wa nagana anakosa hamu ya kula, ananyong'onyea.

#17 Afisa Mifugo Mstaafu
Nimekuwa nasoma kimya. #16 umegusa ugonjwa wa kweli lakini siku zako haziendani. Mbwa akiambukizwa na mbung'o dalili zinachukua wiki moja mpaka wiki kadhaa. Hawezi kung'atwa saa nane mchana akagoma kula saa moja jioni. Wala hajiponyeshi kwa kurudi Ilazo. Nagana kwa mbwa ni kali, homa inapanda, macho yanaingia ukungu wa bluu kama kioo chenye mvuke. Niliona wengi nilipokuwa Kondoa, watu wanaleta mbwa kipofu wanasema karogwa. Ila mwandishi, kwa kuwa umepita ukanda huo, mwangalie macho mpaka mwisho wa Januari.

Swali langu: mlibeba zawadi gani kwenda ukweni?

#18 Ilazo Juu
Shikamoo mzee. Tulibeba mchele gunia moja, karanga, mafuta ya alizeti lita ishirini, mvinyo wa hapa Dodoma chupa sita, na zabibu kavu kama kilo tatu kwenye boksi. Kwa nini?

#19 Afisa Mifugo Mstaafu
Marahaba. Mbwa alikaa nyuma na mizigo. Boksi la zabibu lilifika zima?

#20 Ilazo Juu
...mzee.

Lilifika limechanika kona. Tukasema watoto.

#21 Binti Kitwiru
Nimesimama.

#22 Afisa Mifugo Mstaafu
Zabibu ni sumu kwa mbwa, na kavu ni kali zaidi kwa sababu maji yametoka, kilichobaki kimekolea. Wengine wanakula hawadhuriki, wengine chache tu zinaua figo. Muda mrefu sababu haikujulikana. Kuanzia 2021 wataalamu Marekani wameelekeza kidole kwenye asidi ya tartariki iliyomo kwenye zabibu. Dalili ya kwanza ni kutapika ndani ya saa chache, kisha kukosa hamu ya kula, kulegea, kiu au mkojo kubadilika. Mbwa wako alitapika Bereko. Kwenye matapishi uliona nini?

Sisi wa Dodoma tungepaswa kulijua hili kuliko wote, tumezungukwa na mashamba ya zabibu, lakini ukiuliza mtaani hakuna anayejua.

#23 Ilazo Juu
Mzee sikuangalia, tulikuwa pembeni ya barabara, lori linapita, mama mkwe anapiga simu anauliza tumefika wapi.

#24 Mwana wa Chilonwa
Mimi mbwa wangu wanakaa shambani Hombolo, zabibu zikiiva zinaanguka wanakula. Wapo. Hoja ya maji ibaki mezani.

#25 Mama Nyau
#24 mzee kashasema wengine hawadhuriki. Usimfanye mbwa wako kipimo cha mbwa wa mwenzako. Lakini na mimi nauliza, zabibu zingeumiza figo, angepona mwenyewe siku ya kurudi, dakika ileile, anakula nusu sufuria? Kurudi nyumbani ndiko kumemponya. Msongo.

#26 Mangi wa Kibosho
Au ndafu imeyeyuka tumboni njiani.

#27 Mpita Njia Singida
Samahani kwa kuwatisha. Mbwa kutokula, kutokunywa, kujificha kwenye giza... hamjafikiria kichaa?

#28 Afisa Mifugo Mstaafu
Swali zuri, na ndilo la kwanza kuulizwa siku zote. Mbwa akishaonyesha dalili za kichaa anakufa ndani ya siku kama kumi. Huyu leo ni zaidi ya wiki mbili na anadai nyongeza. Siyo kichaa. Ila mwandishi, chanjo anayo? Unavuka mikoa minne na mbwa, unakwenda kwenye nyumba yenye watoto. Mbwa anachanjwa tangu miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi unasafiri nayo. Pita pia ofisi ya mifugo ya wilaya uulize kibali cha kumsafirisha. Na mtu yeyote aking'atwa huko likizoni, kwanza kabisa kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyohiyo. Siyo pilipili, siyo nywele za mbwa.

#29 Ilazo Juu
Chanjo anayo, kadi ipo kwenye droo. Kibali sikuwa nacho, nakiri.

#30 Binti wa Kondoa
Niongeze la mwenyeji. Kwetu Kondoa nyumba nyingi ni za Waislamu. Paka ukija naye atapewa maziwa kabla yako. Mbwa ukija naye bila kusema, unamweka mwenyeji kwenye mtihani: hawezi kukufukuza, hawezi kumwingiza ndani. Kaka yangu alimleta mbwa Idi, baba hakusema neno, aliamka tu kila alfajiri kumwagia maji barazani. Siku ya tatu kaka akaelewa. Piga simu kwanza, uliza "nina mbwa, atalala wapi?"

#31 Konda Mstaafu
#30 umeongea. Mwandishi ulipiga simu ukweni?

#32 Ilazo Juu
Mke alipiga. Mama mkwe alisema "mje naye". Ila kuna jambo sikulisema mwanzo, naona nilitoe.

Mbwa anaitwa Mtasema.

#33 Binti Kitwiru
Ha! Endelea.

#34 Ilazo Juu
Nilimpa jina hilo kwa ajili ya majirani wa zamani wa Majengo, historia ndefu. Sasa kufika Kibosho siku ya kwanza namwita uani kwa sauti, "Mtasema! Mtasema njoo ule!" Na pale pana shangazi wawili wa mke wangu ambao hawakuwa wakiafiki ndoa yetu. Kukawa kimya. Mama mkwe akaniita pembeni, akasema baba, huyu mbwa hapa kwangu ataitwa Simba. Basi siku zote nne nyumba nzima inamwita Simba. "Simba kula. Simba maji." Yeye anatazama nyuma kuona Simba ni nani.

#35 Mangi wa Kibosho
Naondoa hoja ya ndafu kwa muda nicheke.

#36 Fundi Injini
Hii ndiyo sababu. Mbwa kaletewa chakula cha Simba. Mbwa aliyefundishwa hali chakula cha mwenzake.

#37 Mama Nyau
Utani pembeni, jina lina uzito. Mbwa wengine hawali mpaka mwenye sauti yake awape ruhusa. Huko alikuwa anapewa na nani?

#38 Ilazo Juu
Mama mkwe. Alisema mgeni hawezi kulisha mbwa kwenye boma lake.

#39 Mpita Njia Singida
Na shangazi wawili wanatazama. Mimi sisemi kitu, lakini kijicho kipo.

#40 Afisa Mifugo Mstaafu
Kijicho hakina kipimo cha maabara, figo zina. Mwandishi, nenda ukapime damu, tuone figo zikoje.

#41 Kijana wa Nkuhungu
Wakati tunasubiri majibu: Pasaka natamani kwenda na mbwa wangu Tarangire, atoe ushamba. Inaruhusiwa?

#42 Konda Mstaafu
Wewe na panadol yako.

#43 Afisa Mifugo Mstaafu
Hairuhusiwi. Hifadhi za taifa haziingizi mbwa wala paka wa nyumbani, utageuzwa getini. Na siyo ubaya. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na virusi vilihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani. Mbwa wako mmoja mwenye mafua, na simba ndio hao.

#44 Binti Kitwiru
Yaani Simba anaua simba. Sawa.

#45 Afisa Mifugo Mstaafu
Na wewe Nkuhungu, kama unapita Morogoro kwenda Iringa kwa njia ya Mikumi, mbwa asitoe kichwa wala asishushwe kujisaidia mle hifadhini. Kutoka Dodoma pita Mtera, ni karibu zaidi na unaweza kusimama.

#46 Ilazo Juu
Wakuu nimerudi. Tumepima leo. Figo zipo sawa, damu haina vimelea, macho safi, uzito kaongeza kilo moja. Daktari kasema mbwa mzima kuliko mimi. Namshukuru mzee na wote.

#47 Mama Nyau
Nilisema. Msongo.

#48 Afisa Mifugo Mstaafu
Nafurahi. Lakini wiki tatu zimepita, figo zilizopata mtikisiko mdogo zinaweza kuwa zimeshatulia. Kipimo cha leo kinasema leo. Boksi lilichanika na mbwa alitapika, hayo sijayasahau.

#49 Mwana wa Chilonwa
Mzee fanya jaribio rahisi: Pasaka abebewe dumu la lita ishirini la maji ya hapa Dodoma. Akila, ni maji.

#50 Mangi wa Kibosho
Na afungwe mnyororo hata usiku. Akila ugali, ni ndafu.

#51 Fundi Injini
Mkifanya yote mara moja hamtajua lipi limefanya kazi.

#52 Ilazo Juu
Mke kasoma uzi wote jana usiku. Maamuzi: Pasaka tunakwenda tena Kibosho. Dumu la maji linapanda, gunia lake linapanda, zabibu zinakaa mbele miguuni kwa mke. Mbwa akifika ataitwa Simba na mimi nimepewa wiki kumi za kumzoesha.

#53 Binti Kitwiru
Umeanza?

#54 Ilazo Juu
Nimeanza leo asubuhi. Nimeita "Simba!" getini, mbwa wa jirani ndiye kaja.